Maji Matamu

Saa tano kasorobo, Entebbe, Jumapili.
Chai ya asubuhi imetupita, mchana haujatufikia,
na mlo wa katikati hapa hauna jina,
bei tu unayo.

Tumevuta meza mbili hadi mchangani,
miguu ya viti ikazama, nasi tukazama navyo,
wanawake wanne wenye miwani ya kusomea
na Kiswahili cha kambini,
kile cha baba zetu na buti zao,
kisichomwomba mtu radhi kwa ngeli.

Driciru kaagiza rolekisi, mayai matatu, nyanya tele.
Acheng kataka sato mzima wa kukaanga.
Mhudumu akatazama saa, Acheng akamtazama mhudumu,
samaki akaja.
Mimi viazi vitamu na chai ya tangawizi.
Kobusinge alikula yai moja la kuchemsha, polepole,
kama mtu anayehesabu.

Sahani zilipoondolewa ndipo akaiomba orodha,
akaisoma kuanzia nyuma, kama hati ya mashtaka:
"Keki ya ndimu. Aiskrimu ya pasheni.
Ndizi za kukaanga kwa asali. Na ile ya chokoleti
inayotoa machozi ikikatwa.
Vijiko vitatu."

Vitatu? Tuko wanne.

"Vitatu." Akatoa mkobani
kile kimashine cha kutoboa kidole,
akakiweka kati ya chumvi na maua.
"Tangu mwezi wa pili. Daktari alinieleza kwa Kiingereza,
nikamwomba arudie kwa lugha yetu
nikidhani ukali utapungua.
Akasema: kisukari.
Nikacheka, jamani. Nilidhani ananitajia ndizi."

Hatukucheka.
Kisha tukacheka sana.
Juu ya pipa la taka kaloli alisimama
kama karani aliyestaafu bila kiinua mgongo,
akatugeuzia upara wake.

"Sasa kuleni, mnieleze.
Atakayeniambia 'tamu' tu, bili ni yake."

Driciru, mdomo umejaa ndimu:
"Inaanza kama tusi, inaishia kama salamu."
Acheng alifumba macho juu ya pasheni:
"Sakafu ya bweni. Una homa, umelaza shavu kwenye saruji,
na mtu kaja kukuita kwa jina la nyumbani."
Kobusinge akaitikia kwa kichwa, akimeza mate.

Ikawa zamu yangu, na ndizi zile.
Nikatafuna. Maneno yakanikimbia.
Nikasema, unakumbuka ghala la kambi,
mwaka ule sukari ilipotoweka nchini?
Ulipita chini ya mlango, kwa kuwa ulikuwa mwembamba kutushinda,
ukatoka na gunia tupu,
tukaligeuza ndani nje, tukalamba mishono,
nyuzi za katani zikatuganda ulimini.
Ni hiyo.
Ila bila nyuzi.

"Na bila viboko," akasema,
akaangalia pembeni, kule ndege ya abiria
ilikuwa ikishuka chini chini juu ya maji
kana kwamba inatafuta kitu ilichoangusha.

Chokoleti ilibaki. Hakuna aliyeigusa.
Ikalia yenyewe sahanini.

Akainuka, viatu mkononi, gauni kalikunja,
akaingia ziwani hadi magotini.
Mbali, usubi walikuwa wamepanda kutoka majini
wima, kama moshi wa nyumba isiyoonekana.
"Nyie!" akapaza sauti. "Kiswahili kinasemaje?
Maji yasiyo na chumvi yanaitwaje?"

Hatukumjibu. Tulijua tabia yake.

"Ziwa lote hili! Hata upande wa pili haunionekani!
Na daktari hakulitaja!"
Akachota kwa viganja viwili, akajimwagia usoni,
matone yakamfika midomoni,
akacheka kama aliyetoka chini ya mlango.

"Tamu!"

Acheng akamwita mhudumu,
akamwonyesha kwa kijiko yule mama aliyelowa:
bili, mpelekee kule.